Kilio cha Safu ya Mwisho

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia kwenye ua wa kiwanda kumsaidia mama yake. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo usiojua kupumzika. Lakini akivuka geti tu, mdomo ulijifunga wenyewe.

Humo yalisimama magari mia tatu ya umeme, meupe yote, mapya yote. Kiwanda kilitumia mamilioni kuyatengeneza, wanunuzi hawakuja. Vumbi liliyafunika taratibu kama sanda, na taa zao zilikodoa kama macho yasiyopepesa. Watu wa mtaani walipaita makaburini.

Kazi ya mama ilikuwa kuingia katika kila gari mara moja kwa wiki, kusoma betri imebaki na chaji kiasi gani, na kuandika kwenye kadi. Lililopungua lilichajiwa. Tangu goti lianze kumsumbua, safu ya mwisho alimwachia binti yake.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama."

Kumbe wiki ya tatu hiyo Chiriku hajakanyaga huko. Mara ya mwisho, kioo cha dirisha kilishuka chenyewe mbele yake, polepole, kama kinywa kinachofunguka. Alitimua mbio. Tangu hapo alijibanza nyuma ya ukuta, akanakili namba za zamani, akizipunguza kidogo zifanane na kweli.

Alasiri hiyo alikuja msimamizi wa ua, uso umekunjamana. "Mama Chiriku, kesho anakuja mtu anayetaka magari arobaini. Akiyakuta yamekufa, ua unafungwa. Mimi na wewe, kila mtu kwake."

"Kadi hizi hapa. Yote mazima."

Ndipo sauti ikatoka safu ya mwisho. Honi nyembamba, ya kukwamakwama, kama mtoto anayelia ndani ya mtungi. Hakukuwa na mtu huko. Taa za gari moja zikawaka, zikafifia. Za jirani yake zikajibu.

Chiriku alishika gauni la mama. "Yananiita," alinong'ona. "Yanajua."

"Yanajua nini?"

Chiriku alitazama goti la mama lililofungwa kitambaa. Kesho wangemfukuza yeye, si mwingine. "Sikuyakagua, mama. Wiki tatu. Namba nilitunga."

Msimamizi alishusha pumzi. "Betri ikikaribia kufa, gari huweweseka: linapiga honi, linashusha vioo. Linaomba chaji, binti, haliombi damu. Haya, nyaya!"

Chiriku aliingia gari moja baada ya jingine, akisoma namba kwa sauti. Kumi na moja yalikuwa taabani. Yalichajiwa mpaka asubuhi. Mnunuzi alichukua arobaini, kwa bei ya hasara, lakini ua haukufungwa.

"Unajua tulifikaje hapa?" msimamizi alimuuliza Chiriku. "Wakubwa wetu waliandika idadi ya wanunuzi ambao hawajawaona. Nawe ukaandika namba ambazo hujaziona. Karatasi hukubali kila kitu, binti. Gari halikubali."

Mama alimkabidhi kadi mpya, tupu. "Ukiogopa, niambie, twende wote. Hofu haina aibu. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Jana ulikisikia mwenyewe."

Chiriku alichukua kalamu. Safari hii alianza na safu ya mwisho.