Pumzi Zilizokatwa

Pumzi ile haikuwa yake. Kinanda alirudisha rekodi nyuma, akasikiliza tena: baada ya "karibu msikilizaji", kuna mtu alivuta hewa kwa shida, kifua kikikwaruza. Na alirekodi akiwa peke yake.

Jina la Kinanda alipewa na wanafunzi wenzake kwa utamu wa sauti. Ndiye aliyetangaza podikasti ya chuo, ile ya afya na maisha ya wanafunzi, na alikuwa na ugonjwa wake mmoja: hakutaka kusikia mtu akipumua. Mgeni akikohoa, anakata. Akitweta, anakata. "Nasafisha," alikuwa akisema, na fundi mitambo alikwishachoka kubishana naye.

Ndivyo alivyomsafisha yule binti mwenye pumu. Binti alikuja kueleza jinsi chumba chake cha bweni, chenye ukungu ukutani, kilivyokuwa kikimkaba. Kila sentensi aliikatisha njiani, atafute hewa. Kinanda alizikata pumzi zote akazifutilia mbali, binti akasikika laini kama msoma habari. Mlezi wa bweni aliposikiliza, alicheka. "Huyu ndiye mgonjwa? Mbona anaongea kunishinda mimi?" Akakataa kumhamisha. Binti akafia chumbani mle mle, na Kinanda, bila haya, akamsomea rambirambi kwa sauti ile ile tamu.

Sasa studio ilinuka ukungu. Kinanda akiikata ile pumzi hapa, inachomoza pale, ndefu zaidi.

Mama wa marehemu alikuja mchana kweupe. Kiti alikikataa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipe sauti ya mwanangu kama alivyoitoa mwenyewe."

"Mama, nisamehe. Zile pumzi nilizifuta."

Mama alimtazama kifuani, si usoni. "Ananijia, baba. Anasema amepungukiwa," alinong'ona. "Basi atazichukua kwako."

Kinanda alijitia kucheka. Lakini hofu ilimwingia, akaamua kutengeneza kipindi cha kumwomba radhi marehemu, labda atatulia. Akajifungia katika chumba cha kurekodia. Fundi mitambo, aliyezoea kumwita kaka, akakaa upande wa pili wa kioo, vipokea sauti masikioni, macho kwenye mitambo.

"Karibu msikilizaji," alianza, na harufu ya ukungu ikampanda puani, ikashuka kooni, na alipotaka kuvuta hewa, hewa haikuja, akajaribu tena haikuja, na nyuma ya shingo yake mtu akavuta pumzi ndefu, akashiba, akavuta nyingine, huku yeye akijishika koo na kupapasa mlango ambao kitasa chake kiligoma, akalia, "Fundi, nakufa, sipati hewa, nifungulie!", na kwenye vipokea sauti vyake mwenyewe akajisikia akiyasema maneno hayo taratibu, laini, bila mkwaruzo, kama mtu anayeigiza vizuri mateso ya mwingine.

Akapiga magoti. Akakigonga kioo kwa kiganja, na kioo hakikutoa sauti.

Fundi mitambo aliyasikiliza maneno yale mpaka machozi yakamlenga, macho hayabanduki kwenye mitambo. Akabonyeza kitufe cha kuongea.

"Kaka, umeniliza. Safi kabisa," alisema. "Leo hakuna hata pumzi moja ya kukata."