Mlima wa Yusra

Jumamosi sokoni Majengo hapapitiki. Yusra, karani wa masjala kwenye ofisi za serikali kule Mtumba, gauni la bluu na mtandio rangi ya zabibu, aliketi bila kualikwa kwenye benchi la fundi simu, akavuta dawa yake ya pumu. Fundi, Swalihu, hakuinua macho kwenye simu yake.

"Kaka, unafanya kazi au unacheza?"

"Natengeneza mchezo, dada'angu. Dodoma nzima imo humu. Unakwenda utakako."

"Haya, nifikishe kwetu Miyuji."

Akamfikisha. Yusra akacheka mpaka akavuta dawa tena. Miezi minane baadaye soko zima lilijua habari zao, isipokuwa baba yake Yusra. Swalihu huyu anayeongea kama redio, likija neno posa, betri inakufa.

Jumatatu Yusra akapiga.

"Mpenzi, kuna watu wameleta posa. Baba anawajibu Ijumaa baada ya swala. Nimwambie yupo mwingine?"

Swali la kujibiwa kwa neno moja. Mwanaume akasema, "Nimekutumia mchezo. Jibu liko juu ya mlima. Panda, malkia wangu."

Masikini! Zamani binti wa ndani ya mchezo alikimbia atakavyo, akafika kileleni bila kuona kitu. Sasa Swalihu alikuwa amempunguzia pumzi: hatua chache, unachoka, unatafuta pa kupumzikia. Na kila pa kupumzikia ameweka kumbukumbu yao: benchi, mvua ya siku ile, mzabibu waliojificha chini yake. Anayezuiwa ndiye anayetazama pembeni. Hesabu nzuri, kwa mchezo.

Yusra akapanda. Binti wa gauni la bluu akaruka miamba mitatu, akashika kifua, akahema, akaporomoka. Akarudia. Akaporomoka. Akampigia Swalihu.

"Swalihu, huyu ni mimi?"

"Ni wewe, kipenzi."

"Ndiyo maana hana pumzi. Umeifanyia mzaha pumu yangu."

"Hapana! Zunguka kushoto, kuna..."

Simu ikakatwa, ikazimwa.

Jumatano Swalihu akatuma toleo jipya, pumzi tele. Halikufika. Alhamisi akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda mwenyewe hadi getini Miyuji. Baba yake Yusra alikuwa anamwagilia maua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamtafuta nani, kijana?"

"Nimepotea njia, mzee."

Mzee akamwelekeza barabara kuu kwa upole kabisa.

Ijumaa alasiri simu ikalia.

"Nimewasha simu baada ya swala, nikazunguka kushoto," Yusra alisema taratibu. "Nimeliona benchi. Nimeiona mvua. Nimepumzika kila ulipotaka nipumzike. Nimefika juu, nimesoma posa yako. Umeandika vizuri, Swalihu."

"Na unasemaje?"

Nyuma yake vigelegele vilipanda, sahani zikagongana.

"Jana usiku baba aliniuliza kama yupo mwingine. Nikamwambia hayupo. Ameshawajibu." Akavuta dawa. "Ungeniachia pumzi mbili zaidi, ningefika jana."