Simu Tatu Katika Mfuko Mmoja

Mama Bomba na kaka yake walifanya kazi katika kikosi kimoja, cha kutengeneza mabomba ya maji. Kaka alikuwa mtu wa maneno machache, ndiyo maana kikosini walimwita Kimya.

Kimya hakusoma shule. Mama Bomba alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni. Tangu hapo ndiye aliyejaza karatasi ya saa za kazi ya kikosi kizima: nani kafika saa ngapi, nani kaondoka saa ngapi. Aliihifadhi ndani ya kofia ngumu isiloe. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na yeye alijua hivyo.

Kisha ofisi ikaacha karatasi. Karani akawaonyesha ukurasa kwenye simu. Ukifika kazini, bonyeza kitufe cha kijani, ANZA. Ukiondoka, bonyeza chekundu, MALIZA. Pasipo na mtandao, simu itatunza saa zako na kuzituma baadaye.

Mama Bomba akachukua simu ya Kimya na ya mchimba mtaro mwenzao, akazitia mfukoni pamoja na yake, zisiingie matope. Kila asubuhi alibonyeza zote tatu. Mchimba mtaro akamtania kwamba amefungua duka la simu.

Asubuhi moja alibonyeza kama kawaida, akijua Kimya, aliyemwachia simu tangu jana, yuko nyuma anakuja. Kumbe msimamizi alikutana naye njiani, akamtuma kilimani kufunga koki ya tangi.

Saa nane mchana Kimya alikuwa hajaonekana. Mama Bomba akapiga simu ofisini.

"Mbona hapa naona yupo nawe mtaroni tangu asubuhi?" karani akauliza.

Mama Bomba akajipapasa. Simu ya kaka yake ilikuwa mfukoni mwake.

Msimamizi alipoulizwa alisema amemtuma kilimani. Mama Bomba na mchimba mtaro wakapanda mbio, wakamkuta kando ya tangi, ameteleza, kifundo cha mguu kimevimba.

"Nilijua utakuja, mdogo wangu," alisema. "Ila umechelewa."

Karani alikuja na maji ya kunywa na kitambaa cha kufungia mguu. Hakumkaripia mtu. Aliketi chini pamoja nao.

"Mama, ulisaidia kwa moyo mwema," alisema. "Lakini karatasi ilitufikia baada ya wiki. Hii ya simu tunaiona saa hiyohiyo, na inatuonyesha mtu yuko wapi anapobonyeza. Kila mmoja abebe simu yake, abonyeze mwenyewe akiwa kazini."

"Na akikosea?" Mama Bomba akauliza.

"Kuna kitufe cha REKEBISHA. Aandike sababu, basi."

Mguu ulipokuwa ukipona, Mama Bomba alikwenda kwa kaka yake kila jioni. Nyuma ya karatasi za zamani alimwandikia ANZA na MALIZA kwa herufi kubwa, kisha akamfundisha herufi nyingine. Kimya alilalamika kwamba herufi ni nzito kuliko bomba la chuma. Hata hivyo, kila jioni alimwekea kiti kabla hajafika.

Kimya aliporudi kazini, msimamizi alimtuma tena kilimani. Mama Bomba alichimba huku akitazama kilima. Mara simu yake ikalia. Alikuwa karani.

"Mama, kaka yako amefika tangini. Amebonyeza mwenyewe. Na kwenye nafasi ya maelezo ameandika neno."

"Neno gani?"

"Nipo."

Mama Bomba akafuta tope mikononi. Akamwomba karani alisome tena, safari hii kwa sauti kubwa, ili na mchimba mtaro asikie.