Mfupa Katika Kihori cha Stina

Nina miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Bukavu, na ninaishi hapa Rågsved, Stockholm, na binti yangu wa pekee, Neema, mwenye miaka kumi na miwili. Ninayoyaandika sijawahi kuyasema hata kanisani... Wasomaji wenzangu, nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu.

Karibu na mtaa wetu kuna shamba ambako watoto hufundishwa kufuga. Neema alikabidhiwa nguruwe mdogo wa kike, akamwita Stina. Kila alipotoka shule alikwenda kumsugua kwa brashi, kumpima uzito, kumfundisha kutembea taratibu akiongozwa kwa kijiti. Maonyesho ya mifugo yalikuwa yanakaribia, na angeingia naye uwanjani mbele ya waamuzi. Mtoto wangu, ambaye darasani hathubutu hata kunyoosha mkono, alikuwa anahesabu siku!

Mimi nilimwona Stina amekonda.

"Huyu ni nguruwe au mbuzi?" nilimtania. "Kwetu nguruwe anakula makombo ya nyumba nzima, anakuwa kama pipa!"

Neema hakucheka. "Nej, mamma!" Hapana. Akanieleza kwa Kiswidi, haraka haraka, kwamba ni marufuku kumpa nguruwe chochote kilichopita jikoni, maana magonjwa husafiri ndani ya nyama. Nikaitikia. Lakini moyoni nikasema, Wazungu na sheria zao! Mama yangu si alisomesha watoto sita kwa nguruwe wa makombo?

Jumapili moja kabla ya maonyesho tulikuwa na sherehe ya ubatizo. Neema alipobaki na kwaya, nilikusanya mabaki ya fufu, sombe yetu ya majani ya muhogo na vipande vya kuku, nikapita shambani, nikamwaga ndoo nzima katika kihori cha Stina. Alikula akikoroma kwa furaha. Nami nilitabasamu kama mtu aliyetenda wema...

Kesho yake Karin, msimamizi wa shamba, alituita sote, watoto na wazazi. Mkononi alishika mfupa wa kuku uliogandiwa na sombe.

"Nani ameweka hiki?"

Ombi langu la uraia lilikuwa bado halijajibiwa. Nikawaza, nikisema wataliandika jina langu... na karatasi zangu je?

Neema aliutazama ule mfupa. Majani yale aliyajua, aliyatwanga mwenyewe Jumamosi. Kisha akanitazama mimi. Akangoja... Ee Mungu, alingoja muda mrefu! Nami nikainamisha macho.

"Ni mimi," akasema.

Karin akampokonya kijiti. Daktari wa mifugo akaitwa, Stina akatengwa, nafasi yake kwenye maonyesho ikafutwa. Neema akakatazwa kukanyaga zizini.

Njiani nilimuuliza kwa nini alisema vile. Mtoto anayenijibu daima kwa Kiswidi, siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili.

"Uliogopa, mama. Nilikuona."

Siku ya nne nilikwenda kwa Karin, nikasema yote nikilia. Alishangaa. Uraia? Mambo hayo na uraia wapi na wapi! Akampigia Neema simu, akamwomba radhi, akamwambia Stina ni mzima, naye arudi shambani. Neema alishukuru kwa adabu... akakataa. Siku ya maonyesho alishinda kitandani, amegeukia ukuta, brashi ya Stina mkononi.

Majira ya kuchipua barua yangu ilifika. Nimekubaliwa! Nilikimbia kumwonyesha.

"Grattis, mamma," alisema. Hongera. Kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango polepole, kama mtu anayemfungia mgeni.

Wazazi wenzangu mlio ugenini, mtoto akikueleza sheria ya nchi alikozaliwa, usimcheke. Na ukikosea, nakusihi, fungua mdomo wako kabla mwanao hajafungua wake!

Mimi sasa nina pasipoti ya kunivusha mipaka mingi. Mbele ya ule mlango mmoja bado ninasimama, ninabisha...