Nguo Zitakaukia Mwilini

Jioni za Kitahana, huko Kibondo, Mama Generosa hukaa barazani akichambua maharage. Mikono yachambua, mdomo wasimulia. Hadithi yake ni moja, na majirani wote wanaijua. Ni ya enzi za kwaya yao, alipokuwa msichana. Kila masika walitembea kwa miguu kutoka Kasulu hadi Munanila, mlima baada ya mlima, kwenda kuimba.

"Mvua ilitupiga, na sisi tukaimba!" husema. "Hema hatuna, koti hatuna. Nguo zikiloa tunaziacha zikaukie mwilini. Ninyi wa siku hizi, manyunyu kidogo tu, tayari mnatafuta bodaboda!"

Herieth, binti yake, hucheka. "Haya, Mama. Ipo siku tutakuonyesha."

Kweli siku ikaja. Kikundi cha vijana cha Kitahana kilipanga kupita njia ile ile, mabegi mgongoni, walale kwenye mahema. Ildefonce, kiongozi wao, akamwomba Mama Generosa awe mlezi wa safari. Weee! Mama wa watu hakulala kwa furaha. Ildefonce akamwomba pia Mwanahawa, muuguzi wa zahanati. Mwanahawa ni mwenyeji wa Tanga, lakini Kitahana wamekwisha kumzoea.

Wakati wa kufunga mizigo, Mwanahawa alitoa mfuko mkubwa wa plastiki, ule wa ndani ya gunia la kuhifadhia maharage. Akatia humo blanketi na nguo kavu. Akausokota mdomo, akaufunga kwa kamba, ndipo akauingiza katika begi.

Mama Generosa akaangua kicheko. "Nesi, unawapelekea watu wa Munanila maharage?"

"Ni nguo za kubadilisha, Mama Herieth. Begi hupitisha maji. Na nyie wote fanyeni hivi. Mifuko hii kila nyumba inayo."

"Mtu wa pwani unaogopa maji? Si mmezaliwa nayo!" Mama akawageukia vijana. "Msihangaike, wanangu. Nguo zitakaukia mwilini."

Vijana wakacheka, wakamsikiliza mama yao. Nani ambishie mlezi? Wakatupia nguo zao katika mabegi hivyo hivyo.

Walikwenda Kasulu kwa basi, na asubuhi walipoondoka huko kwa miguu jua lilikuwa zuri. Mama Generosa alitembea mbele kama msichana. "Hapa tulichoma mahindi," alisema. "Hapa Nadine alikatikiwa na kandambili, akatembea peku mpaka Munanila, na bado akaimba sauti ya kwanza!" Alicheka, kisha akafuta machozi. Nadine aliolewa mbali, na hawajaonana tena. Laiti angeweza kuwarudisha wenzake wote mlimani kwa saa moja tu!

Walipofika juu, mvua ikashuka. Si mvua ya kuchezea. Ilikuja na upepo wa baridi, na ukungu ukafunika njia. Mama Generosa akaanzisha wimbo wa zamani. Vijana wakaitikia. Herieth alivaa jinzi na fulana, navyo vilishika maji mpaka vikawa vizito. Alitetemeka, lakini hakutaka mama yake amwone legelege. Akaimba kwa nguvu kuliko wote.

Baadaye sauti yake haikusikika tena.

Mama aligeuka. Herieth alikuwa nyuma, akijikwaa mahali pasipo na jiwe. Alijaribu kufunga mkanda wa begi, vidole vikakataa.

"Mama, n'nataka... kukaa," alisema. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi. Akaketi kwenye majani, katikati ya mvua.

"Yoo, mwana wanje! Mwanangu!" Mama akamkumbatia. Akamtazama usoni, akapumua. "Afadhali. Hatetemeki tena. Baridi imemtoka." Akachomoa kichupa cha pombe ya ndizi kutoka begini. "Kunywa kidogo upate joto."

"Hapana, Mama!" Mwanahawa alikuja mbio, akaushika mkono wake. "Usimpe! Ildefonce, simamisha hema hapa hapa. Haraka!"

"Lakini ametulia, nesi!"

"Hajatulia, Mama. Anazidiwa. Kutetemeka ni mwili kujitafutia joto. Ukiacha kutetemeka na bado ni wa baridi, basi nguvu zimekwisha. Na pombe inadanganya. Unahisi joto kwenye ngozi, kumbe joto la ndani linatoka nje."

Hema likasimama. Wakamwingiza Herieth taratibu, wamemlaza. Kijana mmoja alitaka kumsugua miguu.

"Msimsugue!" Mwanahawa alisema. "Mvueni nguo mbichi kwanza. Zote. Nguo mbichi inanyonya joto la mwili, na upepo unamalizia. Nani ana nguo kavu?"

Wakafungua mabegi. Maji yalimwagika. Hapakuwa na nguo kavu hata moja, ila zile za mfuko wa maharage. Mama Generosa aliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi.

Vijana wa kiume wakatoka. Mwanahawa akatandika turubai na mikeka ili Herieth asilale juu ya udongo baridi. Akamvika nguo kavu, akamfunika kichwa kwa kanga.

"Sasa vua zako, Mama, uingie naye ndani ya blanketi. Mpe joto lako. Zungumza naye, asilale."

Mama aliingia. Kifua cha mwanawe kilikuwa baridi kama chungu cha maji. Na hapo, alipomkumbatia, ndipo alipomkumbuka Nestori.

"Nesi," alinong'ona, "tulikuwa na mwenzetu kwenye kwaya, Nestori. Alikaa chini hivi hivi, kwenye mvua. Akaacha kutetemeka. Tukasema anapumzika, tukaendelea kuimba. Hakuamka. Watu wakasema amerogwa."

Mwanahawa alimshika bega. "Hakurogwa, Mama. Ilikuwa baridi. Hamkujua."

"Nimewasimulia nyimbo miaka yote. Nestori sikumtaja." Mama alilia waziwazi. "Herieth! Herieth, niambie jina la bibi yako!"

Akauliza tena, na tena.

"Ge... Generosa," Herieth alijibu mwishowe, kwa shida. "Kama wewe."

Kisha akaanza kutetemeka, meno yakagongana.

"Anatetemeka!" Mama akapiga kelele.

"Vizuri!" Mwanahawa alicheka kwa mara ya kwanza. "Mwili umeanza kujipigania. Akiweza kumeza vizuri, mpeni chai ya moto yenye sukari, kidogo kidogo."

Mvua ilipopungua, wakamteremsha hadi barabarani kwa machela waliyoiunda kwa miti na turubai. Ildefonce alikuwa ameshapiga simu, na gari likamfikisha kituo cha afya. Walimpima, wakamhifadhi mpaka kesho yake, akatoka akiwa mzima.

Mwaka uliofuata vijana walitaka kwenda tena. Wengi walidhani Mama Generosa atakataa. Alikubali, ila aliwaketisha kwanza barazani, akawasimulia habari za Nestori mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alifunga nguo kavu ndani ya mfuko wa maharage, akachukua koti la mvua na kofia ya sufu. Jinzi zikabaki nyumbani.

Mvua iliwakuta mlimani, kali kama ile. Wakasimamisha mahema mapema, wakabadilisha nguo, wakanywa chai. Aliyeanza kutetemeka alisema mwenyewe, bila kuona haya. Walifika Munanila wakaimba, na walipokuwa wakishuka kurudi, Herieth alimtania mama yake.

"Mama, safari hii hujatuita legelege hata mara moja!"

Mama Generosa alisimama, akawatazama wanavyoteremka mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akampita.

"Niwaite legelege kwa lipi?" alisema. "Ninyi mnarudi nyumbani wote. Sisi hatukurudi wote."

Herieth akamshika mkono, wakateremka pamoja kuwafuata wenzao.