Pumzi ya Mtu wa Nne

Dada yangu ana kazi ambayo hata mama hajawahi kuielewa: anasafisha rekodi za zamani. Anafunga mlango, anavaa hedifoni, anafuta kikohozi cha huyu na mkwaruzo wa kiti cha yule. Jumamosi ile asubuhi alikuwa na kanda ya watu watatu, piano, fidla na selo, wakipiga muziki wa Kizungu wa karne ya kumi na tisa, ule wa mahaba na majonzi. Ilirekodiwa kabla mumewe hajazaliwa.

"Pumzi za wapigaji huwa siziondoi," aliniambia tukinywa chai. "Wanavuta pamoja ndipo waanze pamoja. Ila humu nasikia nne. Kuna mdandiaji."

"Mfukuze!" nikasema. Mdomo wangu huu, jamani!

Sehemu ya kwanza alikuwa ameshaisafisha, pumzi ya nne nayo akaifuta, na kumtumia mteja. Akarudi chumbani kufuta ya pili. Mimi na shemeji tukabaki sebuleni tukitengeneza pasi. Shemeji ana pumu, kila pumzi yake huishia na kamluzi, lakini maneno hayamwishi. Alikuwa akimsema bosi wake.

Akakatika katikati ya neno. Akaendelea. Akakatika tena.

"Vipi, shemeji?"

"Sijui," akanong'ona. "Kama mtu ananipokonya."

Bisibisi ikamdondoka. Nikampa dawa yake ya kuvuta. Haikuingia. Midomo ikabadilika rangi. Nikamwita dada. Nikaita tena. Hedifoni! Nikakimbia, nikamvuta mkono, waya ukachomoka, muziki ukatokea kwenye spika.

Fidla ikanyamaza. Watatu wakavuta pumzi. Kisha wa nne, na kamluzi mwishoni.

Dada amelala kando ya mluzi ule miaka kumi na moja. Akaniangalia.

"Hii ndiyo ya mwisho," akanong'ona. "Nyingine nimeshazifuta."

"Zirudishe! Anakufa!"

Akarudisha moja. Sebuleni, hewa ikavutwa kwa kishindo. Akarudisha nyingine. Tukasikiliza huku tunalia, mpaka zikarudi zote.

Za sehemu ya pili, nasema. Ile ya kwanza alikuwa ameshaihifadhi na kuifunga kwenye kompyuta, alichokifuta hakikurudishika. Akaicheza upya kutoka kwenye kanda yenyewe, ambayo hakuna aliyeigusa. Pumzi tatu tu.

Shemeji ni mzima, anakula kwa wawili. Lakini kila asubuhi kuna muda kifua chake hakipandi wala hakishuki, na yeye anaongea tu, hana habari. Juzi kulikuwa na baridi, nikasimama kando yake akinyoa ndevu. Ukungu wa pumzi yangu ulifika kwenye kioo. Wake, hakuna.

Sehemu ya kwanza ina dakika kumi na moja, sawasawa na muda ule wa asubuhi asiopumua. Kila siku dada anaketi mbele ya mumewe, anamchekea, huku jicho liko kwenye saa. Sijamwona akiogopa hivi tangu tuzaliwe.

Jana zilikuwa kumi na mbili.