Yasmini ya Chupa ya Pili

Muuza manukato alikuwa na uhakika: asubuhi ile alipanga mezani chupa moja tu ya yasmini. Sasa, adhuhuri, zilikuwa mbili.

Binti aliyekaribia kuolewa, aliyekuja na shangazi yake, alinusa ya kwanza, akanusa ya pili. "Zinafanana kama pacha. Ila hii ya pili kama inanijua."

Muuzaji akainusa. Ilikuwa yasmini, lakini ndani yake mlikuwa na udongo mbichi, na pumzi yenye joto ikamgusa kiganja. Alitaka kukataa kuiuza. Akaona haya, akamfungia.

Siku ya tatu shangazi alirudi peke yake, mtandio umekaa upande.

"Mwanangu, ulituuzia nini?" alinong'ona. "Mtoto amejifungia. Anacheka na mwanamume na chumbani hamna mtu. Anasema mumewe keshafika."

Muuzaji alichukua chupa ya kwanza, wakampitia mganga. Walipofungua mlango harufu iliwavaa usoni, nzito, ya maua yaliyolala majini, ikawafuata ukumbini, ikawaingia kooni, na kila walivyosogea kitandani ndivyo kitu kisichoonekana kilivyopumua karibu zaidi na masikio yao.

Mganga alilowesha vitambaa viwili, kila kimoja kwa chupa yake. "Huyu hafukuzwi," alisema polepole. "Alichaguliwa. Aliyemchagua ndiye amkatae. Msimsaidie."

Binti alinusa cha kulia, akatabasamu. Kitanda kikalia kama kimekaliwa. Akanusa cha kushoto, akakunja uso.

"Hiki hakinuki kitu." Machozi yakamlenga. "Siku tatu sisikii harufu nyingine, shangazi. Hata yako siisikii."

Muuzaji aliuma kidole asije akasema. Binti akakikumbatia cha kushoto. "Nataka hiki."

Kitu kilishusha pumzi ndefu, kikapita dirishani, kioo kikapasuka. Binti akaangukia kifuani kwa shangazi yake, akavuta pumzi. "Unanuka vitunguu," alisema, wakalia wote wawili.

Kesho yake muuzaji alifungua duka moyo mweupe. Mteja wa kwanza alikuwa bwana mmoja mpole, mgeni kabisa, asiyetazama chupa hata moja.

"Yule aliyenikataa," aliuliza, "anaolewa lini?"

Muuzaji alitaja siku ya uongo, ya mbali.

Bwana yule akacheka taratibu, akavuta kiti, akaketi. "Basi nitasubiri hapahapa, kwako."